Kilomita za Nurto

Jumatatu ya kwanza ya Agosti mwaka 1996, Abdinasir aliswali alfajiri, akanywa kikombe kimoja cha chai ya maziwa, akafunga kamba za raba alizonunua kwenye mitumba, akakimbia kilomita kumi kwenye barabara ya Modika. Saa mbili alikuwa ofisini. Alikuwa karani wa mifugo mjini Garissa, kazi yake kuandika vibali vya kusafirisha ng'ombe, na alikuwa ameshaandika vibali tisa alipogundua kwamba hajachoka. Shati lake lilikuwa kavu. Aliona ni jambo zuri, akaendelea kuandika.

Adhuhuri alipitia buchani kwa Rage, binamu wa baba yake ambaye yeye humwita adeer, yaani ami, kununua nyama ya mbuzi. Rage alikuwa ameketi juu ya debe, aproni imelowa jasho, na mbuzi bado ananing'inia mzima kwenye ndoano.

"Asubuhi ulikimbia," Rage alisema.

"Nilikimbia, adeer."

"Nilijua. Imenishika nikifungua mlango. Ya pili mpaka ya nne." Alijimwagia maji kichwani kwa kopo. "Ile ya tatu iko na mchanga mingi. Kesho pita kando."

Abdinasir alisema atapita kando, akangoja akatiwe nyama.

Mambo yalianza Ijumaa iliyotangulia. Shirika moja la msaada kutoka Nairobi lilikuwa limetangaza marathoni ya hisani mwezi wa Oktoba, ili Garissa ipate ambulensi ya akina mama wajawazito. Bibi wa shirika, mwenye miwani na maneno ya upole, alieleza masharti. Mji utoe mkimbiaji wake. Mkimbiaji apate wadhamini wa kilomita zote arobaini na mbili, majina yao yaandikwe kwenye fomu. Aanze saa kumi na mbili asubuhi na awe amemaliza saa tano. Akimaliza, ambulensi inabaki. Asipomaliza, inapelekwa wilaya nyingine.

Abdinasir alijitolea kwa sababu ya Nurto, mke wa kaka yake Mowlid, aliyekuwa mjamzito. Dada yake Nurto alikufa mwaka uliotangulia juu ya mkokoteni wa punda, katikati ya njia ya hospitali, mtoto akiwa ametoa mguu mmoja tu. Nurto ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya punda. Tangu siku hiyo aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Mimba yake ilitarajiwa kutimia mwisho wa Oktoba.

Fomu ilikuwa na mistari arobaini na miwili, na mbele ya kila mstari nafasi ya jina. Abdinasir aliitazama usiku mmoja, kisha akafanya kile ambacho mwanamume yeyote wa watu wake hufanya akiwa na mzigo unaomzidi. Aliipeleka kwa Mzee Kerrow.

Mzee Kerrow alitunza daftari la jamaa, daftari la shule lenye jalada la buluu. Mtu wa jamaa akiua, jamaa nzima hulipa ngamia wa damu. Akiuawa, jamaa nzima hudai. Wenyewe huita mag. Hesabu huenda kwa vichwa vya wanaume, na Mzee Kerrow alijua kila kichwa, kuanzia kizee kisichoona hadi kitoto kinachonyonya. Wazee walikutana kwenye stoo ya Mohamedamin, tajiri wa malori, wakaketi juu ya magunia ya sukari na kuipitisha fomu mkono kwa mkono. Waliona mzigo mmoja umekatwa vipande arobaini na viwili. Kazi hiyo waliijua vizuri kuliko mtu yeyote Nairobi. Hakuna aliyewaza kwamba mzigo huo ni wa shilingi. Waligawana kilomita zenyewe, wakaandika majina, wakanyanyua mikono na kusoma Fatiha.

Mohamedamin alitoa pesa zote kwa bahasha moja ili bibi wa shirika asisumbuke, na kwa wema huo alipewa kilomita ya kwanza peke yake, ya baridi ya asubuhi. Rage alipata tatu. Yarrow, mshonaji kanzu mwenye kifua kibovu, alipata ya thelathini mpaka ya thelathini na mbili. Wanawake hawaketi katika kikao hicho, kwa hiyo nyumba ya Mowlid ilikumbukwa mwisho, na mistari iliyokuwa imebaki ilikuwa minne. Mzee Kerrow aliandika Mowlid mbele ya yote minne, kuanzia thelathini na tisa.

Mowlid mwenyewe hakuwepo kubeba chochote. Mwezi wa Machi alipanda lori la mchele kwenda Rhamu, na lori hilo lilikutwa barabarani milango wazi, mchele umo, watu hamna. Aliyebaki katika nyumba yake alikuwa Nurto.

Bibi wa shirika alifurahi kuona fomu imejaa.

"Mama, sisi nasaidiana," Mzee Kerrow alimwambia. "Hii kijana habebi beke yake."

Bibi aliyaandika maneno hayo kwenye kidaftari chake.

Mji ulizoea haraka. Kabla ya wiki mbili kwisha watu walikuwa wamepanga asubuhi zao kufuata raba za Abdinasir. Mwalimu wa madrasa mwenye kilomita ya saba aliwapa watoto kazi ya kunakili ilipofika zamu yake, akalala kifudifudi juu ya mkeka mpaka ipite. Dereva mwenye ya kumi na moja aliegesha gari. Wengine walimsimamisha njiani kumpa maagizo, kama mtu anayemwagiza mwenzake sokoni: hapa punguza, pale usiruke mtaro, mgongo unaniuma. Mohamedamin alilalamika kuwa kilomita ya kwanza hukimbiwa kila siku, lakini hakuna aliyemsikitikia sana. Abdinasir alipaka mawe chokaa ya ofisini na kuyapanga kando ya barabara, moja kila kilomita, njia nzima mpaka inapozunguka na kurudi mjini, ili ajue wakati wowote yuko juu ya nani.

Yeye mwenyewe hakuhisi kitu. Alikimbia kumi na tano, akakimbia ishirini, na miguu yake ilikuwa mikavu na myepesi, pumzi yake ya mtu aliyeketi. Mwanzoni alifurahi. Baadaye alianza kuiogopa raha hiyo, kwa sababu kila alipoongeza kilomita aliijua sura ya anayeilipa.

Katikati ya Septemba alifika thelathini na mbili. Jioni alimkuta Yarrow kitandani, midomo imekauka, mkewe akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Cherehani ilikuwa imeachwa na kanzu ya mtu ikiwa na mkono mmoja. Yarrow alilala siku nne. Siku ya tano aliketi, akamwambia Abdinasir kuwa hana kinyongo, ila siku ya mbio yenyewe amhurumie.

"Nitakuhurumia," Abdinasir alisema, na aliahidi kwa moyo wote.

Usiku huo alihesabu mawe yaliyobaki. Alikuwa na mawe sita kabla ya Nurto. Akaogopa hata jasho likamtoka, jasho lake mwenyewe, la kwanza tangu Agosti.

Alikwenda kwa Mzee Kerrow kuomba kilomita nne za mwisho awekewe yeye. Mzee Kerrow alimkaribisha chai na kumsikiliza hadi mwisho. Ukweli usemwe, hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuuza ngamia wake mwenyewe ili kijana mmoja mpumbavu wa jamaa asinyongwe.

"Mwenye kufanya jambo hajilipii mwenyewe," alisema. "Hapo tungekuwa jamaa gani?"

"Basi wape wengine, adeer. Nurto ana mimba."

"Sijamwandika Nurto. Nimemwandika Mowlid."

"Mowlid hayupo."

"Amezikwa wapi?"

Abdinasir alikoroga chai yake.

"Ambaye hajazikwa mimi nahesabu," Mzee Kerrow alisema. "Kama wewe unajua amekufa, sema. Nitamfuta sasa hivi, na ile nne nitawagawia wengine."

Alitoa kalamu mfukoni na kungoja. Alimtazama Abdinasir usoni, na wazee wawili waliokuwa wakinywa chai pembeni nao wakamtazama, kwa sababu wote walijua desturi: mjane wa mtu huolewa na ndugu yake. Neno moja tu, na ingeonekana kwamba Abdinasir amemuua kaka yake kwa ulimi ili apate mke. Tena alimpenda kaka yake. Tena hakuwa na hakika. Alikunywa chai yake ikiwa ya moto, ikamchoma koo, akaaga.

Wiki ya kwanza ya Oktoba alipanga kufika jiwe la thelathini na nane na kusimama hapo. Upepo ulikuwa umevuma siku mbili na mchanga umefunika kando ya barabara. Alikimbia akitafuta jiwe, hakuliona, akaona mti wa mgunga ambao hakuukumbuka, ndipo akageuka. Alikuwa amepita jiwe kwa hatua mia tatu hivi. Alirudi Waberi, mtaa wa Nurto, kwa miguu, akitembea kama anayekanyaga watu waliolala.

Nurto alikuwa chini, amekumbatia nguzo ya jikoni kwa mikono miwili. Unga ulikuwa umemwagika. Nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu, ingawa hakuwa ametoka nje tangu asubuhi.

"Umepita jiwe, walaal, ndugu yangu," alisema alipopata pumzi.

"Limefunikwa na mchanga. Nisamehe."

"Ilikuwa ndogo tu." Alishika tumbo, akasikiliza. "Anacheza. Yuko sawa."

Abdinasir alimwambia ataacha. Ataandika barua kwa shirika, aseme ameumia goti. Nurto alianza kuufuta unga kwa kiganja.

"Ukiacha, gari linakwenda wilaya nyingine," alisema. "Mimi naogopa kilomita zako. Lakini ule mkokoteni naogopa zaidi. Dada yangu alikuwa akinishika hapa." Alionyesha mkono, juu ya kiwiko. "Kimbia. Ukifika kwangu, tembea."

Hilo lilikuwa shauri zuri, na walilishika wote wawili. Abdinasir alijaribu kutembea juu ya kilomita ya Rage, na Rage alikiri kuwa uchovu ulikuja, lakini ulikuja kama wa mtu aliyekwenda sokoni. Basi wakapiga hesabu. Kutembea kilomita nne ni kama saa nzima. Ilibidi afike jiwe la thelathini na nane saa nne.

Siku ya mbio, Nurto alilala juu ya mkeka nyumbani kwake, na Maka, mkunga wa mtaa, alikaa naye na ndoo mbili za maji. Mjini watu wenye kilomita walikuwa wamefunga maduka. Walikaa vibarazani miguu imenyooshwa, wakingoja, na mji ulikuwa kimya kuliko siku ya mazishi. Saa kumi na mbili bibi wa shirika alipuliza filimbi.

Abdinasir aliwapita mmoja mmoja. Alipita mchanga wa Rage kando. Alipita kwa mwalimu, kwa dereva, kwa wajomba na binamu, na hadi jiwe la ishirini na tisa alikuwa mbele ya muda. Hapo ilianza zamu ya Yarrow. Alikuwa ameahidi, tena mtu alikuwa karibu kufa, kwa hiyo alipunguza mwendo. Kwenye ya thelathini alinyata. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Kwenye ya thelathini na moja alikutana na mtoto wa Yarrow, ametumwa kwa baiskeli kusema baba anakohoa damu, tafadhali. Akatembea. Alitembea kilomita mbili nzima, pole pole, kwa ajili ya Yarrow, na Yarrow akaishi. Alipoanza tena kukimbia dakika zilikuwa zimekwisha, na waliofuata, wenye thelathini na tatu hadi thelathini na nane, walikuwa vizee watatu na mtu mmoja mwenye mguu wa mbao. Hakuweza kufidia muda juu yao.

Alifika jiwe la thelathini na nane saa nne na dakika thelathini na tano. Pikapu ya Mohamedamin ilikuwa ikimfuata, Mzee Kerrow ameketi mbele, bibi wa shirika nyuma na saa yake mkononi.

Abdinasir alianza kutembea.

"Warya, wewe," Mohamedamin aliita. "Dakika ishirini na tano."

Aliendelea kutembea. Alihesabu hatua mia, akahesabu mia nyingine.

"Akitembea hatafika," bibi wa shirika alisema kwa upole. "Na mimi siwezi kubadilisha masharti. Natamani ningeweza."

Mzee Kerrow alitoa kichwa dirishani. "Kijana," alisema, "watu wameshabeba kilomita thelathini na nane. Unataka wawe wamebeba bure?"

Abdinasir alimfikiria Nurto juu ya mkeka, akamfikiria Nurto juu ya mkokoteni. Aliogopa hivi, akaogopa vile, na hofu ya pili ilikuwa na dada aliyekwisha kufa ndani yake. Alikimbia.

Hakuhisi kitu. Hilo ndilo alilolisimulia baadaye, alipoulizwa. Kilomita ya thelathini na tisa ilipita kama maji. Kwenye ya arobaini upepo ulimpiga usoni, akaona unapendeza, akajichukia. Kwenye ya arobaini na moja mapigo ya moyo wake yalikuwa ya mtu anayesoma gazeti. Kwenye ya arobaini na mbili watu walijipanga pande zote mbili wakimshangilia, naye alilia kwa sauti, na waliomwona walidhani ni furaha.

Fomu ilikuwa na mistari arobaini na miwili tu, lakini marathoni ina mita mia na tisini na tano zaidi, ambazo hazikuandikwa jina la mtu. Alipozifikia, miguu yake iligeuka mawe. Kifua kiliwaka, jasho likamwagika mara moja hadi kwenye raba, akaanguka kwa goti moja, akainuka. Maumivu hayo aliyapokea kama mgeni mpendwa, kwa kuwa yalimwambia kwamba zile nne zimekwisha. Alivuka kamba saa tano kasoro dakika moja.

Hotuba zilikuwa hazijaanza alipomwambia dereva wa ambulensi aende Waberi. Bibi wa shirika alitaka picha kwanza, na picha ikapigwa.

Walimkuta Nurto hai. Maka alikuwa amemlaza ubavu. Mkeka ulikuwa na mchanga wa barabara ya Modika, kiasi cha kujaza bakuli, na nyayo za Nurto zilikuwa zimepasuka na kufanya malengelenge. Uchungu ulikuwa umemwanza kwenye kilomita ya arobaini. Walimpakia, na mtoto alizaliwa ndani ya gari kwenye lango la hospitali, kabla plastiki haijatolewa kwenye viti.

Alikuwa wa kiume. Kwa kawaida mkunga angepiga vigelegele. Maka alikata kitovu, akamfunika mtoto, akatazama nje ya dirisha. Nyayo za mtoto zilikuwa ngumu na nyeupe, na kisigino kimoja kilikuwa na ufa.

Abdinasir, akiwa ndiye mwanamume wa nyumba, alimsomea mtoto adhana sikioni. Maka alimvuta pembeni.

"Wa kike haandikwi," alisema. "Sema ni binti. Miaka michache tu, mpaka apate nguvu."

Alilifikiria jambo hilo siku sita. Siku ya saba akachinjwa mbuzi nyumbani kwa Nurto, wageni wakaja, na Mzee Kerrow akaja na maziwa ya ngamia kibuyu kizima, na daftari la buluu chini ya kwapa. Nurto alikuwa nyuma ya pazia, kwa sababu bado hakuweza kusimama. Mzee Kerrow alimwombea dua ndefu, kwa sauti iliyotetemeka kwa dhati. Kisha akaketi na kufungua daftari.

"Mvulana au binti?" alimuuliza Abdinasir.

Abdinasir alikuwa na jibu tayari. Alifungua mdomo, akakumbuka lori lililokutwa milango wazi. Mvulana asiyeandikwa, akigongwa na gari, akipigwa risasi njiani kama wanavyopigwa wengi, hana wa kumdai. Hakuna jamaa itakayoinuka. Anakuwa kama mbuzi wa mtu asiyejulikana. Nyuma ya pazia Maka alikohoa.

"Mvulana," Abdinasir alisema.

Mzee Kerrow alifurahi sana. Alimshika mkono, akaandika jina la mtoto chini ya jina la Mowlid, kwa herufi nzuri. Halafu akatoa karatasi iliyokunjwa. Shirika lilikuwa limeleta fomu ya mwakani, ya kutafuta jenereta ya hospitali. Wazee walikuwa wameshakaa kikao.

"Nyumba hii sasa ina vichwa viwili," alisema. "Nne haitakuwa haki kwa wengine. Tumeweka sita. Thelathini na saba mpaka mwisho."

"Mimi sikimbii tena, adeer."

"Pumzika. Umefanya kazi kubwa." Mzee Kerrow hakukasirika hata kidogo. "Mtoto wa Mohamedamin ameomba. Huyo ana miguu. Anasema atamaliza kwa saa tatu. Orodha ni hii hii."

Wageni walikuwa wakila. Mtu aliomba maji ya kunawa, akaletewa. Nyuma ya pazia mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa.

"Walaal," Nurto aliita.

"Haa, Nurto."

"Kimbia wewe."

Abdinasir alitazama pazia. Lilikuwa khanga mbili zilizoshonwa pamoja, na chini yake vilionekana vidole vya miguu ya Nurto, vimefungwa bendeji.

"Wewe unatuonea huruma kidogo," Nurto alisema. "Huyo mwingine hatujui atatupitaje."

Mzee Kerrow alikuwa amenyanyua kalamu, anangoja. Abdinasir alimwambia amwandike yeye kuwa mkimbiaji. Mzee akaandika, akapuliza wino ukauke, akaomba aongezewe sukari kwenye chai.